Kuhusu yule Förster uliyeniuliza

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sote wazima, mvua ndizo zimetukalia. Nimefurahi mno kusikia umeanza utafiti wako wa protini. Uliniuliza huyo Förster unayekutana naye kila ukurasa ni nani, na jibu la mistari miwili halitoshi.

Theodor Förster, mwanakemia wa Ujerumani, alizaliwa Frankfurt mwaka 1910, akapata udaktari akiwa na miaka 23. Mwaka uleule, 1933, alijiunga na chama cha Nazi. Doa hilo silifichi. Nikikusimulia kazi tu nitakuwa nimekupa nusu ya mtu. Wakati wa vita alikuwa profesa Posen, mji wa Poland uliotwaliwa na Wajerumani. Baadaye akaenda Göttingen, na kuanzia 1951 hadi alipofariki mwaka 1974 alifundisha Stuttgart.

Kilichonishika ni makala yake ya 1946. Jani lina klorofili tele, lakini ni molekuli chache tu zilizo mahali ambapo nishati ya jua huanza kufanyiwa kazi. Zile nyingine zikipigwa na mwanga, nishati yake hufikaje pale? Förster alionyesha kwamba molekuli inaweza kuikabidhi kwa jirani bila kutoa mwanga wowote, kama mtu anayempa jirani kaa la moto juu ya kigae. Sharti, mwanga ambao ya kwanza ingeutoa uwe wa aina ambayo ya pili huweza kuufyonza, na ziwe karibu.

Ukaribu huo ndio utamu wenyewe! Kasi ya kukabidhiana hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Chukua molekuli mbili ambazo zikiwa nanomita 5 hupitisha nusu ya nishati. Zitenganishe hadi nanomita 10, itapita kama asilimia 1.5 tu. Zisogeze hadi 2.5, itapita zaidi ya asilimia 98. Ndiyo maana ukibandika rangi mbili zinazong'aa kwenye protini moja, mwanga wake utakwambia kama imejikunja au imenyooka. Mwaka 1967 watafiti Stryer na Haugland, kule Marekani, waliijaribu hesabu hiyo kwa minyororo ya prolini (mojawapo ya vipande vinavyojenga protini) yenye urefu unaojulikana, ikasimama.

Halafu kuna pireni, kemikali inayong'aa, ambayo Förster aliichunguza na mwenzake Kasper mwaka 1954. Mmumunyo hafifu hung'aa urujuani. Ukiukoleza, unageuka buluu. Molekuli iliyopata nishati hushikana na mwenzake ambaye hajapata, na jozi hiyo huishi kwa muda huo mfupi tu: ikishatoa mwanga, kila moja inakwenda zake. Mimi kwa uzuri naiweka hii juu kuliko hata ile ya 1946, ingawa najua wewe utabisha.

Ukishachagua rangi zako mbili, niandikie ni zipi na umbali ambao hupitishiana nusu ya nishati, tupige hesabu pamoja kabla hujazinunua.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Salim