Kengele ya saa kumi alfajiri

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Binti yangu alipofunga shule mwezi Agosti, siku ya kwanza alilala mpaka saa nane mchana. Nyanyake akasema mtoto ameanza uvivu. Nilimwuliza kengele hulia saa ngapi bwenini. Saa kumi alfajiri, akasema, na prepu ya usiku huisha saa nne u nusu. Ukitoa foleni ya bafuni na zogo la bwenini, msichana wa miaka 16 anabakiwa na saa tano za usingizi, ama pungufu.

Siombi sheria mpya. Ipo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka muda wa kulala kwa wanafunzi wa bweni: saa tatu u nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Niliitaja kanuni hiyo kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu mmoja akanijibu, "Mama, wenzetu jirani huamka saa tisa," na wazazi wakampigia makofi. Kwa hiyo lawama si ya walimu pekee. Sisi ndio tunaohesabu A.

Lakini mimi ni muuguzi, na kliniki ya kisukari ndiyo zamu yangu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 11 wa kiume, wazima kabisa, saa nne tu kitandani kwa usiku sita mfululizo. Kasi ya miili yao kuondoa sukari kwenye damu ilishuka kwa takriban asilimia 40. Usiku sita! Muhula wa kwanza una wiki zaidi ya kumi. Kweli, walipopewa nafasi ya kulipa usingizi hali ilitengemaa, wala sisemi kila anayekesha ataugua. Nasema watoto wetu hawapewi nafasi hiyo ya kulipa.

Tena anayekosa usingizi huongezeka homoni ya njaa na kupungukiwa na ya shibe, ndiyo maana foleni ya mandazi na soda kantini haiishi. Saa ya michezo nayo imeshamezwa na masomo ya ziada. Na kumwambia kijana alale mapema hakusaidii sana: katika balehe, homoni ya usingizi huchelewa kutoka. Usingizi wake mwingi uko alfajiri, na hapo ndipo tunapoukata.

Maafisa wako wa udhibiti ubora hufika shuleni saa nne asubuhi, chai iko mezani, na ratiba wanayoonyeshwa ni safi. Waje saa kumi na nusu alfajiri. Wala wasiingie, wasimame langoni watazame taa za madarasa. Za shule ya binti yangu zinaonekana kutoka barabarani.

Wako mtiifu,
Mzazi na muuguzi, Kilifi