Barua kwa Neema, kabla ya safari ya Guangzhou

Neema mwanangu,

Ujumbe wako tumeupata. Shangazi yako hapo Bukoba mshukuru kwa senene, mama yako kashawamaliza.

Unasema simu imekuonyesha kwamba Mwanza hadi Guangzhou ni kilomita 9,100 hivi, saa kumi na kitu angani. Kilomita ni za kweli, ila hizo ni za mstari ulionyooka, na kwetu hapa hakuna ndege ya kuufuata. Utaanzia Dar: kilomita kama 850, saa moja na nusu. Dar hadi Guangzhou, kwa ndege ya moja kwa moja, ni kama 8,700. Jumlisha uone. Kupitia Dar kunakuongezea kilomita 400 na ushee, yaani nusu saa tu ya ndege kubwa.

Kinachokula siku ni kukaa chini. Miaka yote niliyofunga minofu ya sangara kiwandani, hatukuwa na wasiwasi na mzigo ukishapaa. Wasiwasi ulikuwa pale maboksi yamepangwa uwanjani, ndege imechelewa, jua la saa nane linapiga, na maji ya barafu yameanza kuchuruzika pembeni. Nawe hesabu safari yako hivyo hivyo. Ndege ya Guangzhou haitoki kila siku, na safari ya nje inakutaka uwe uwanjani saa tatu kabla. Ya Mwanza ikichelewa, na tiketi umekata mbili tofauti, hakuna atakayekusubiri. Kata tiketi moja. Ikishindikana, shuka Dar jana yake ulale kwa baba yako mdogo Tabata. Atalalamika kidogo, mzoee. Begi nalo, uliza hapa hapa Mwanza kaunta kama litakwenda moja kwa moja au utalichukua Dar.

Sasa saa za kwenye tiketi, maana hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na China wako mbele yetu saa tano. Ukiondoka Dar 10:00, yaani saa nne asubuhi, ukaruka saa 11, tiketi itasema unafika 02:00 kesho yake. Ukitoa kienyeji utapata saa 16 na kuogopa bure. Siku ya kurudi ni kinyume: utatoka 10:00 na kufika 16:00, kana kwamba ni saa sita tu. Angalia na tarehe pia. Tiketi ikisema 01:30 tarehe 15, ni usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo uwanjani unakwenda tarehe 14 jioni.

Ukifika tupigie. Saa mbili asubuhi ya huko, hapa ni saa tisa usiku, mimi nitakuwa nimelala. Mama yako anasema piga hiyo hiyo saa tisa.

Baba yako,
Kirumba, Mwanza