Meza ya mazoezi ya upasuaji tunaweza kuitandika wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo nililoliona kwa karibu kwa miaka yote niliyokuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji mkoani Kigoma. Ninauliza: daktari kijana anajifunzia wapi kufunga fundo kabla ya kulifunga ndani ya tumbo la mgonjwa?

Anayesimama upande wa pili wa meza akitoa vifaa huona mengi ambayo mwalimu wa darasani hayaoni. Nimewaona vijana waliofaulu vizuri, wanaoitaja mishipa yote ya nyonga bila kukosea, lakini uzi ukishalowa damu unawatoroka vidoleni. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji alirudishwa mezani kabla hakujapambazuka, kwa kuwa fundo moja lilikuwa limelegea na damu ilikuwa ikivujia ndani. Alipona, namshukuru Mungu. Daktari aliyelifunga hakuwa mzembe hata kidogo. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa unyonge kwamba alishaonyeshwa fundo lile mara mbili, na mara yake ya kwanza kulifunga kwa mkono wake ilikuwa kwa mama yule.

Kosa lenyewe ni dogo kulieleza. Mzunguko wa pili wa uzi ukipitishwa upande uleule wa mzunguko wa kwanza badala ya kugeuzwa, fundo huonekana limekaza, lakini likivutwa huteleza. Mhadhara hauondoi kosa hilo. Linaondolewa na vidole vilivyolirudia fundo mara mia kadhaa, hadi vikaweza kulifunga gizani. Na kwa kazi hiyo hatuhitaji sanamu za plastiki za gharama kubwa kutoka ng'ambo, ambazo mara nyingine nimezikuta zimefungiwa kabatini zisije zikaharibika. Kamba ya kiatu iliyofungwa kwenye mkono wa droo inatosha kuanzia. Kipande cha godoro kuukuu kinafaa kwa kushona ngozi, na ganda la ndizi ni mwalimu mkali, kwa sababu ukivuta sindano kwa nguvu linachanika papo hapo. Mpira wa ndani wa baiskeli unaweza kuwa mshipa. Utumbo wa ng'ombe ulionunuliwa machinjioni na kusafishwa hukatwa, ukaunganishwa kwa sindano, kisha ukajazwa maji yenye rangi: mshono ukivuja, kila aliyepo anaona tone linatokea wapi, na mshonaji hana haja ya kuambiwa.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na huduma ya upasuaji na usingizi iliyo salama na wanayoweza kuimudu, na mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuiimarisha huduma hiyo. Lakini kwetu lina uzito wake. Mama aliyeshikwa na uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, kule Kalya, kusini mwa mkoa wetu kando ya Ziwa Tanganyika, hana bingwa jirani wa kumkimbilia. Atapasuliwa na yule aliye zamu mahali pa karibu atakapofikishwa.

Na asije mtu akasema kwamba walio zamu huko hawafundishiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika mikoa ya Kigoma na Mwanza na kufuatilia operesheni kubwa 1,072 za uzazi, haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya madaktari wasaidizi, wasio na shahada ya udaktari, na ya madaktari wenye shahada. Ninaisoma habari hiyo kwa fahari, maana wengi wa madaktari wasaidizi wa mkoa huu nimewatolea vifaa mimi.

Tunachokosa ni muda uliopangwa na jicho la mzoefu. Semina ya siku mbili hotelini, hata ikiwa nzuri, husahaulika upesi. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa madaktari 38 waliokuwa wakisomea upasuaji: waliogawiwa vipindi vinne vya mazoezi kwa wiki nne walikuja kuwashinda waliopewa vipindi vivyo hivyo kwa siku moja. Kwa hiyo naomba waganga wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji mkoani kwetu waliingize zoezi hili kwenye ratiba ya zamu, nusu saa mara mbili kwa wiki, pamoja na daftari ambamo mzoefu ataweka sahihi kila anapoona fundo limekaa sawasawa. Nyuzi zilizopita muda wake, ambazo sasa huteketezwa, zitengwe kwa idhini ya mfamasia ziende mezani hapo. Sharti moja lisilegezwe: mikasi na vibano vya mazoezi vipakwe rangi nyekundu mikononi na visirudi kamwe kwa mgonjwa, na nyama ya machinjioni isikanyage mlango wa chumba cha upasuaji.

Mimi nimestaafu, lakini nipo tayari kufika katika hospitali yoyote ya hapa mjini mara mbili kwa wiki, asubuhi baada ya makabidhiano ya zamu, nisimame upande wangu uleule wa meza na kuhesabu mafundo ya vijana wetu. Godoro kuukuu ninalo na meza ninayo. Naomba chumba na ruhusa.

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma