Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe taarifa ya shughuli za chama kila mwisho wa mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kila mwezi vilifanyika, isipokuwa kimoja kilichovunjika kwa kukosa akidi. Tulisoma riwaya, diwani mbili na tamthilia moja. Vitabu vya chama vimepangwa upya na kuorodheshwa, kazi niliyoisimamia mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Shindano la insha halikufanyika kwa sababu ya hali ya mfuko, jambo nitakalolieleza mbele. Namshukuru Katibu kwa mihutasari yake na Mweka Hazina kwa uvumilivu wake.

Naomba sasa nieleze uamuzi ambao umezungumzwa zaidi kuliko jambo lolote lingine mwaka huu, yaani kuiondoa kwangu hoja ya kupiga kura kama Gene, msimulizi wa riwaya ya John Knowles, A Separate Peace, alikusudia kumwangusha rafiki yake kutoka mtini, hoja iliyoletwa katika kikao cha mwisho cha kuijadili. Nimeambiwa kwamba nauendesha mjadala kama mali yangu. Wapo walioondoka ukumbini kabla kikao hakijafungwa na hawajarudi tena. Najibu kwa maandishi ili jambo hili lisibaki katika minong'ono.

Kitabu hiki nilikipendekeza mimi, na nakala tulizopitishiana zilikuwa zangu. Tangu mwanzo kulikuwa na upinzani. Tuliulizwa ni kwa nini tupoteze vikao vitatu kwa wavulana wa shule ya bweni ya watu wenye uwezo huko New Hampshire, Marekani, mwaka 1942, ilhali riwaya za vita zenye vita ndani yake ziko tele. Jibu langu halijabadilika. Knowles, aliyeichapisha riwaya hii mwaka 1959, hatuonyeshi uwanja wa mapambano hata ukurasa mmoja. Vita inawafikia wale wavulana kwa njia nyingine. Wanapelekwa kukwangua theluji kwenye reli, na treni ya kwanza inayopita imebeba askari vijana wanaowazidi umri kidogo tu. Wanajua kwamba wakitimiza miaka 18 wataitwa. Hata ule mti wa kando ya mto, ambao kisa chote kinauzunguka, wakubwa wao waliupanda na kuruka majini kama zoezi la kujiokoa kutoka kwenye meli iliyopigwa. Mtu anayesema hakuna vita humo hajasoma kwa makini.

Kwa faida ya wasiohudhuria, nitaeleza kisa chenyewe. Gene ni hodari wa masomo, Phineas ni hodari wa michezo, na wanalala chumba kimoja. Phineas anavunja rekodi ya shule katika kuogelea bila mashahidi ila Gene, kisha anamtaka asimwambie mtu. Gene hawezi kulimeza jambo hilo. Anaanza kuamini kwamba mwenzake anamvuta kwenye michezo na safari za ufukweni ili ashindwe mitihani. Kijicho kinamfanya asome kwa hasira. Halafu, jioni moja, anatambua kwamba Phineas hakuwahi kushindana naye kabisa. Phineas alidhani Gene ana akili za kuzaliwa zisizohitaji kusoma, basi. Muda mfupi baadaye wamesimama wote wawili kwenye tawi, magoti ya Gene yanapinda, tawi linatikisika, na Phineas anaanguka na kuvunjika mguu.

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Angalieni mpangilio wa mambo. Kama Gene angelitikisa tawi wakati bado anamwona Phineas kama adui, tungekuwa na kisa cha kisasi, na kura ingekuwa na maana. Lakini tawi linatikisika baada ya uadui kuyeyuka. Kilichobaki ni kitu kigumu zaidi kukikubali: kwamba rafiki yake ni mwema kuliko yeye, na hajui kwamba ni mwema. Chuki iliyokuwa na sababu imekosa sababu, na imebaki mwilini bila pa kwenda. Mwandishi anatuambia magoti yalipinda. Hatuambii Gene aliwaza nini wakati ule, na Gene mwenyewe, anayesimulia miaka 15 baadaye akiwa mtu mzima, hatuambii pia. Nilitumia karibu kikao kizima kulieleza hili, na nashukuru wale walionisikiliza.

Hoja iliyoletwa ilitaka wanachama wapige kura: Gene alikusudia, au hakukusudia. Niliiondoa. Kiutaratibu, kura zetu ni za kuchagua viongozi, vitabu na kiwango cha ada. Katiba inampa mwenyekiti mamlaka ya kuamua hoja zisizo za chama, na sikuyavuka.

Sababu yangu kubwa zaidi imo ndani ya kitabu chenyewe. Brinker, mwanafunzi anayependa taratibu na haki, anawakusanya wenzake usiku katika ukumbi wa shule ili ukweli wa ule mti ujulikane. Anamleta shahidi, Leper, kijana mpole aliyejiunga na jeshi kabla ya wote na kurudi akiwa amevurugika akili. Leper anaeleza alichokiona akiwa chini. Phineas, ambaye alishawahi kuambiwa ukweli na Gene mwenyewe nyumbani kwao na akakataa kuusikia, anatoka mbio, anaanguka kwenye ngazi za marumaru na kuvunjika mguu tena. Daktari anapouunga mfupa, uboho unaingia kwenye damu na kumwua. Baraza lile halikupata ukweli ambao hawa wawili hawakuwa nao tayari. Lilichopata ni maiti. Je, baada ya kusoma hayo, sisi tukae katika duara letu na kurudia baraza lilelile kwa kunyoosha mikono? Niliona aibu kwa niaba ya chama, na ndiyo maana nilizungumza kwa ukali.

Wapo waliosema namtetea Gene. Simtetei. Kwa maoni yangu alifanya, na mwili wake ulijua unachofanya. Lakini kabla ya kufa Phineas anamwuliza kwa njia yake, na Gene anamjibu kwamba lilikuwa jambo la kipofu ndani yake, si chuki iliyopangwa, na Phineas anamwamini. Phineas huyuhuyu ndiye aliyedai kwamba vita ni uongo wa wazee wanene, kumbe kwa siri alikuwa akiandika barua kila jeshi akiomba wamchukue na mguu wake uliovunjika. Ikiwa aliyeanguka amelipokea jibu lile, sisi wasomaji tunapiga kura ya nini? Nasikitika kusema kwamba baadhi ya waliodai kura kwa sauti kubwa waliniambia wenyewe kuwa hawajafika sura ya 13, ambayo ndiyo ya mwisho. Kama wangefika, wangemkuta Gene akikiri kwamba yeye alimwua adui yake palepale shuleni, kabla hajavaa sare, na wangejua ni adui gani anayemsema.

Uamuzi wangu unabaki ulivyo.

Sasa mahudhurio na ada. Wanachama walioandikishwa ni 62. Waliolipa ada kamili ni 27, waliolipa nusu ni 9, na 26 hawajalipa chochote. Kikao cha kwanza cha mwaka kilikuwa na watu 31. Kile kilichovunjika kilikuwa na 12. Kikao cha mzozo, nakiri kwa masikitiko, ndicho kilichojaa kuliko vyote, na wengi waliokuja kupinga walikuwa na madeni ya ada. Siandiki haya kumwumbua mtu. Lakini chama hakiwezi kununua kitabu kwa hoja za ukumbini, na haifai fedha za mwenyekiti zizibe pengo kila mara. Nimefanya hivyo kwa kuwa nakipenda chama hiki, na sitegemei kurudishiwa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kulifufua shindano la insha hali ikiruhusu, kuongeza wanachama vijana, na pengine kuanza kusoma riwaya za vita zilizoandikwa kwa Kiswahili. Kamati itakaa na kuona.

Waliobaki na nakala zangu za Knowles wanaombwa kumkabidhi Katibu kabla ya mkutano mkuu. Anayetaka kuirudisha hoja ya kura ailete kwa maandishi, ikiwa na majina ya wanachama watatu waliolipa ada, nami nitaiweka kwenye ajenda na kuipinga hadharani.

Mwenyekiti