Mhakiki wenu alicheza Driver 3 na nani?

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa teknolojia ulitoa orodha ya gemu kumi mbovu za PlayStation 2 (PS2), ile mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, na Driver 3, gemu ya kuendesha magari na kukimbizwa na polisi, mkaiweka namba mbili, alama 3 kati ya 10. Niliisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti mbele ya vijana wanne waliokuwa wakisubiri zamu kibandani kwangu, wakacheka hadi mmoja akamwaga soda. Si kwamba mwandishi wenu kasema uongo. Kila kasoro aliyoitaja ipo, na nyingine kazisahau. Ila alikuwa kama mtu aliyepewa wavu aukague, akahesabu matundu yote, asitwambie kama samaki walipatikana.

Nina kibanda cha gemu hapa Makorora, Tanga. Alikifungua marehemu mume wangu mwaka 2005 kwa TV moja ya chogo na PS2 iliyochipiwa, yaani iliyofunguliwa icheze hata diski za kunakili. Alipofariki, ndugu walinishauri niuze kila kitu nifungue genge. Nikahesabu magenge ya mtaani kwetu, yalikuwa sita. TV yenye pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, ilikuwa moja. Nikabaki nayo, na vijana wakanipa jina la Mama Pedi. Sikuwa mchezaji. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni, kuhesabu muda, kununua umeme na kuamua ugomvi. Lakini ukikaa mlangoni miaka yote hiyo unajifunza kujua gemu inayowashika watu hata kabla hujatazama TV. Unasikia tu wanavyonyamaza na wanavyopiga kelele.

Driver 3 ilitoka Juni 2004. Waliitengeneza Reflections, studio ya Newcastle huko Uingereza, na Atari ndio waliotoa. Pesa haikukosekana, maana sauti za wahusika waliwapa waigizaji wa filamu Michael Madsen, Mickey Rourke, Ving Rhames na Michelle Rodriguez. Na bado Tanner, huyo shujaa wao, akishuka kwenye gari anatembea kama aliyefungwa kanga miguuni. Ukimwambia apige bastola, anapiga, lakini risasi ina mambo yake mengine. Maadui wanasimama wanautazama ukuta. Na mara kadhaa gemu imewahi kutugandia katikati ya misheni, yaani kazi unayopewa ndani ya gemu, kijana anabaki ameshika pedi kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Hayo yote mwandishi wenu kayaandika, tena vizuri.

Hakuandika gari. Gari la Driver 3 lina uzito. Ukikata kona kwa kasi, mkia unafunguka, vifuniko vya magurudumu vinachomoka na kubingirika barabarani peke yake, na wewe bado unapigania usukani. Miji ni mitatu, Miami, Nice na Istanbul, na unaweza kuacha misheni zote ukazurura tu. Nikifunga kibanda usiku hukaa nusu saa nikaendesha Istanbul polepole, natazama minara ya misikiti. Sijawahi kumaliza misheni hata kumi. Mwandishi wenu hilo angelitia kwenye hesabu gani, sijui.

Halafu kuna sehemu ya kutengeneza filamu. Ukishakimbizwa na polisi, gemu inakurudishia mkimbizano wote, unaweka kamera unapotaka: chini karibu na tairi, juu ya jengo, ndani ya gari. Unapunguza mwendo pale gari linaporuka. Kibandani kwangu ilifika mahali vijana walilipia zaidi muda wa kukata filamu kuliko muda wa kucheza. Jumapili tulikuwa tunaonyesha, watu wanasimama hadi nje, kila filamu inapigiwa makofi au inazomewa. Dogo mmoja aliyekuwa hodari wa kuweka kamera pembeni ya ngazi za Nice leo anarekodi video za harusi hapa mjini. Nilimwona mwezi uliopita ukumbini, kapiga magoti karibu kabisa na gari la maharusi, lenzi usawa wa tairi. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni Driver." Akaona haya.

Na utani wa hao watengenezaji! Katika kila mji wamemficha mtu aitwaye Timmy Vermicelli, kumi kila mji, amevaa maboya ya mikononi kama mtoto anayejifunza kuogelea. Walikuwa wanamkejeli Tommy Vercetti, shujaa wa gemu nyingine iitwayo Vice City, ambaye akitumbukia majini anakufa. Tanner wao anaogelea. Kutembea kulimshinda lakini anaogelea! Vijana walipoelewa utani huo walizunguka wiki nzima kumsaka Timmy mmoja mmoja, na mimi nikauza muda.

Ngoja niwape siri ya biashara. Driver ya kwanza, ile ya PlayStation ya kwanza ya mwaka 1999, ilisifiwa sana. Mume wangu aliinunua kwa sababu ya sifa hizo. Inaanza kwa mtihani ndani ya gereji: una dakika moja ya kuonyesha kwamba unajua kupita katikati ya nguzo, kugeuza gari, kurudi nyuma kwa kasi na kadhalika, usipofaulu huendi popote. Vijana wangu walikwama gerejini. Wengine hawakuwahi kuuona mji. Walilipa, wakagonga nguzo, wakaondoka wamenuna. Gemu nzuri ilinikosesha wateja, mbovu ikanilipia ada ya binti yangu kidato cha kwanza na cha pili.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Dodoma, ndiye aliyenieleza kwamba Driver 3 ilizua kelele kwao huko Uingereza. Majarida mawili ya kampuni moja, PSM2 na Xbox World, yaliiwahi kabla ya wengine yakaipa alama 9 kati ya 10. Wasomaji wakanunua, wakakutana na Tanner yule yule wa kanga. Wahakiki wengine walipotoa alama za chini kabisa, watu wakaanza kuulizana mtandaoni zile 9 zilitoka wapi. Nilipomsikia nikasema afadhali ya 3 ya mwandishi wenu. Angalau hakumficha mtu kasoro. Lakini Mhariri, mimi 9 ingenidanganya juu ya kutembea na 3 ingeninyima Jumapili zangu zote.

Mpwa huyo huyo likizo ya Desemba alikuja na kompyuta yake akaniambia, "Shangazi, nina gemu mbovu kuliko hiyo yako." Inaitwa Deadly Premonition, kazi ya Mjapani Hidetaka Suehiro, ilitoka 2010. Huko Marekani IGN, tovuti ya uhakiki wa gemu, waliipa 2 kati ya 10. Destructoid, tovuti nyingine, wakaipa 10 kamili. Gemu hiyo hiyo, diski hiyo hiyo. Ikaingizwa hadi kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kama gemu ya kutisha iliyowagawa wahakiki kuliko zote. Nikasema lazima mmoja wao hakuicheza. Tukakaa nayo siku nne.

Wote wawili waliicheza. Ramani yake haikupi mji mzima, unaona kipande tu, tena kinazunguka unavyozunguka. Gari lina mwendo wa trekta. Kindi wa msituni wanalia kama nyani. Kupiga risasi mpaka usimame kwanza. Toleo la kompyuta lilipotoka 2013 picha yake ilikuwa imefungiwa ndogo, hadi mpenzi mmoja wa gemu akaandika programu ya kuifungua. Lakini huyo mpelelezi wao, York, anakunywa kahawa na kuona ubashiri ndani yake. Usipomnyoa, ndevu zinaota. Usipofua suti yake, nzi wanamfuata. Gari lina kitufe cha kuwasha indiketa na kingine cha waipa, vyote havina faida yoyote, na mimi niliwasha indiketa kila kona siku zote nne. Watu wa mji wana ratiba zao, wanaenda kazini, wanaenda kula, wanarudi, na wewe unaweza kuwachungulia dirishani. York akiendesha anamsimulia filamu za zamani mtu aitwaye Zach ambaye sisi hatumwoni. Kwa barabara ndefu namna ile na gari zito namna lile, nilijikuta nawahi kuingia garini ili nisikie anaendelea kusema nini. Wangeliongezea gari kasi, mazungumzo yangeishia njiani.

Aliyetoa 10 hakukana kasoro hata moja, na aliyetoa 2 hakutunga hata moja. Yule wa 10 kaandika mpaka unaelewa vile alivyocheka hadi ubovu wenyewe ukageuka utamu. Ukimaliza kusoma unajua kama wewe ni mtu wa aina yake au la. Hilo ndilo silioni kwenye ukurasa wenu.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilia na filamu zetu za Kibongo huku kivuli cha maiki kinapita ukutani. Ukimwonyesha, anakujibu, "Nimekiona. Nyamaza."

Sisemi kila kibovu ni kitamu. Septemba 2021 kampuni ya Konami walipoiacha PES, gemu yao ya mpira wa miguu, na kuleta eFootball, ilikuja na timu tisa, nyuso za wachezaji zimetazama kando kama waliopigwa kofi, na wenyewe wakaomba radhi. Vijana wangu walicheka picha hizo siku moja kwenye simu, kesho yake wakarudi kwenye PES za zamani. Kichekesho kiliisha, chini yake hapakuwa na mpira. Wakati wa PES zile za zamani Liverpool iliitwa Merseyside Red kwa sababu hawakuwa na haki ya jina, na sijawahi kumwona kijana akakataa kuichukua kwa ajili hiyo. Hapa kwetu mpaka leo wapo wanaosema "nachukua Merseyside". Kasoro nisiyoisamehe mimi ni moja, inayokula memori kadi, ile kadi inayohifadhi ulipofikia. Kijana kacheza mwezi mzima, kasevu, kesho anakuta patupu. Gemu ya namna hiyo mwandishi wenu aipe sifuri, nitamwunga mkono.

Ninachoomba ni kidogo. Alama mwacheni aweke, vijana wanapenda kubishania namba. Ila atwambie alicheza saa ngapi, peke yake au na watu, na saa ngapi kati ya hizo alisahau kwamba yuko kazini. Kama hakusahau hata dakika moja, aseme hivyo pia, tutamwamini.

Na akipita Tanga, karibu. Jumapili baada ya alasiri foleni si kubwa. Driver 3 bado ipo. Diski imekwaruzika, Nice inachelewa kidogo kufunguka, na kitufe cha mraba kwenye pedi ukibonyeze kwa nguvu. Halipi. Sharti ni moja, ukikamatwa na polisi unampa pedi anayefuata, hata kama wewe ni mhakiki.

Mama Pedi,
Makorora, Tanga