Barua kwa Baba kutoka Seattle: sumaku inayotoa mwanga

Baba, shikamoo.

Huku sijambo, baridi imeanza kupungua. Nimefurahi sana kusikia Bibi amepata nafuu ya miguu. Juzi uliniuliza hasa nafanya nini maabara, laini ikakatika kabla sijamaliza. Acha nikueleze kwa kirefu, wewe mwalimu wa fizikia utafurahi.

Fuwele tunayoishughulikia ni ya kromiamu na iodini, hiyo hiyo ya kwenye chumvi yenye madini joto. Ni nyeusi, inang'aa, na matabaka yake hayakushikana sana, kwa hiyo tunaibandua kwa selotepu, tena na tena, mpaka tupate kipande cha tabaka moja, unene usiofika nanomita moja. Ndivyo wanafizikia Geim na Novoselov walivyopata grafini, yaani tabaka moja la kaboni, kule Manchester mwaka 2004.

Yote haya tunayafanya ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa, mikono imeingia kwenye glavu nene za mpira. Unyevu wa hewa ukikipata kipande, hasa penye mwanga, kinageuka vitone vya majimaji kwa dakika chache tu. Kwa hiyo tunakifunika juu na chini kwa boroni naitraidi, fuwele nyingine nyembamba inayokikinga na hewa, ndipo tukitoe.

Mwaka 2017 watafiti wa hapa Seattle na wenzao wa chuo cha MIT walionyesha kwamba hata tabaka moja linabaki kuwa sumaku, mradi lipozwe chini ya kelvini 45, yaani nyuzi 228 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata likatoka jambo lililonifanya nitamani kuja hapa: ukilimulika kwa leza, tabaka hilo linatoa mwanga wake lenyewe. Macho hayauoni, maana uko ng'ambo ya wekundu, karibu nanomita 1,100, ila kamera inaudaka. Leza inazipandisha elektroni za kromiamu kwenye nishati ya juu, na zikishuka zinaachia fotoni, yaani chembe za mwanga. Mwanga wenyewe unajipinda kama uzi wa parafujo, kwa kulia au kwa kushoto, kulingana na upande ambao sumaku imeelekea. Geuza sumaku, na mpindo nao unageuka, hata kama leza hukuigusa.

Mara ya kwanza kuiona grafu ikigeuka mbele yangu, Baba, nilitamani ungekuwa pale. Mwanga unakueleza ncha ya kaskazini ya sumaku iko wapi ndani ya kitu chembamba kiasi hicho!

Kinachonikosesha usingizi ni matabaka mawili. Yenyewe yanapingana: moja likielekea juu, la pili linaelekea chini, na mwanga unatoka bila mpindo wowote. Sasa ongeza nguvu ya sumaku ya nje polepole. Kwanza hakuna kinachobadilika. Ukifika karibu tesla 0.7, lile lililopinga linageuka ghafla, yote mawili yanaelekea upande mmoja, na mpindo unatokea papo hapo. Hakuna hatua ya katikati. Naweza kulirudia jaribio hilo siku nzima bila kuchoka.

Kama bado unawafundisha tuisheni vijana wa Kidato cha Nne, wape swali hili kabla sijakuandikia jibu: matabaka yakiwa matatu, bila sumaku ya nje, mwanga utakuwa na mpindo au hautakuwa nao? Wakujibu kwa sababu, wasibahatishe. Nitumie majibu yao kwa WhatsApp.

Mpe Mama salamu zangu, na Bibi umwambie nampa shikamoo.

Binti yako