Barua kwa mwanangu: trilioni 750 kwa magunia matatu

Dodoma, Jumapili

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mahindi tumeshapukuchua, ila mama yako amegoma kuuza mpaka bei ya soko la Kibaigwa ipande.

Programu yako nimeiona. Umeandika bei = input(), ukazidisha kwa 3, ukajaza 75000, ikakujibu 750007500075000. Trilioni mia saba na hamsini kwa magunia matatu! Kwa bei hiyo hata mama yako angeuza leo leo.

Kompyuta haikukosea. Katika Python, hiyo lugha ya programu unayojifunza, chochote kinachoingia kwa input hupokelewa kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na kuzidisha maandishi kwa 3 ni kuyarudia mara tatu mfululizo. Andika hivi, int iyageuze maandishi kuwa namba nzima:

bei = int(input("Bei ya gunia: "))

Utapata 225000.

Umelalamikia pia magunia = magunia + 4, kwamba mwalimu wa hesabu angekupiga mkasi. Angekupiga kweli. Lakini hapa alama ya = haisemi pande mbili ziko sawa. Upande wa kulia hukokotolewa kwanza kwa thamani iliyopo, kisha jibu linashikwa na jina la kushoto. Kama magunia yalikuwa 3, sasa ni 7, na ile 3 usiitafute tena. Ukitaka kulinganisha, weka alama mbili: ==. Na kama magunia hukuyapa thamani yoyote mwanzoni, Python itakwambia jina hilo hailijui.

Ukifika kwenye lugha ya C utakitangaza kigeu, yaani jina linaloshika thamani, pamoja na aina yake kabla ya kukitumia: int magunia = 0; Hiyo sifuri usiione ya bure. Kigeu cha ndani ya funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) kisichopewa thamani hukuta masalia yoyote yaliyobaki kwenye kumbukumbu, na programu ikakokotoa nayo bila aibu.

Majina yasianze na tarakimu wala yasiwe na nafasi, na Bei na bei ni vigeu viwili. Hizo x na y zako sizipendi. Andika bei_ya_gunia, hata mwakani nitaielewa.

Sasa mwanangu, jaza 75,000 yenye mkato, kama wanunuzi wanavyoandika. Itagoma. Futa mkato kwa replace, amri ya kubadilisha herufi kwenye maandishi, kabla ya int, halafu unitumie tena. Hela ya matumizi nimeshairusha kwenye simu.

Baba yako